Kitambaa Kisichoanuliwa

Jumatatu, 4 Machi
Mvua ya kwanza imefika alfajiri, bila hodi. Nimefungua daftari jipya kwa sababu mdogo wangu ameniambia kwenye simu kwamba mtu anayeishi peke yake lazima aongee na mtu, hata kama mtu huyo ni karatasi. Haya, karatasi, tuongee.

Sisi ni watu kumi na wawili tunaojitolea kutazama madirisha. Mtaani kwetu kuna wazee na wagonjwa thelathini na mmoja wanaoishi peke yao. Kila mmoja akiamka hufunga kitambaa kwenye nondo za dirisha lake. Kabla ya saa tatu asubuhi mmoja wetu anapita. Kitambaa kikiwepo, mwenyewe kaamka salama, tunaweka alama kwenye daftari na kusonga mbele. Kisipokuwepo, tunabisha. Jioni mwenyewe anakianua, kesho anakifunga tena. Kazi yote ndiyo hiyo, haihitaji digrii. Huu ni mwaka wa sita, na watu wanne wako hai leo kwa sababu asubuhi moja kitambaa chao hakikuonekana.

Mwenyekiti ni mimi. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na wanafunzi waliniita Mama Kengele. Jina limenifuata mpaka kwenye pensheni.

Leo: thelathini na mmoja, wote salama.

Jumanne, 12 Machi
Mvua. Viatu havikauki. Wote salama.

Ijumaa, 15 Machi
Mzee wa ghorofa ya chini karibu na mtaro ameteleza akifunga kitambaa. Hakuumia, ila amenitukana matusi ambayo sijayasikia tangu nilipokuwa msimamizi wa bweni la wavulana. Vitambaa vinalowa, vinachuruzika, vinaingia ukungu. Wazee wanasimama kwenye sakafu yenye maji kila asubuhi na kila jioni. Hali hii haifai.

Nimepata wazo. Nina furaha kama mtoto aliyeokota peremende.

Jumamosi, 16 Machi
Mkutano wetu, kama kawaida, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mwenzetu Muuza Mkate, katikati ya magunia ya unga. Nimewaonyesha vipande vya nailoni vya rangi ya machungwa. Havilowani, havichuji. Nikatangaza utaratibu mpya: msimu wote wa mvua, nailoni ifungwe mara moja tu na ibaki hapo hapo. Wazee wasihangaike kuamka na kufunga, kuinuka na kuanua.

Watu wakapiga makofi. Kinyozi peke yake akanyoosha mkono. Ana saluni ndogo ya viti viwili, na njia yake ndiyo ndefu kuliko zote. Hupita akipiga mluzi, kwa hiyo wazee wa upande ule wanajua saa bila saa.

"Lakini Mama," akasema, "kitambaa kisipoanuliwa kinasema nini? Kinasema tu kwamba kuna siku mtu huyu alikuwa mzima."

"Wewe nyoa vichwa," nikamwambia. "Mambo ya mpango niachie mimi."

Wote wakacheka. Na yeye alicheka. Nikamwongezea kwamba asipoonekana mtu mlangoni siku mbili tatu, tutabisha. Hilo sikuliandika popote.

Jumapili, 17 Machi
Nimezunguka mwenyewe nyumba zote na kufunga nailoni. Kwa Bibi Fundi nimefunga mafundo mawili, moja juu ya jingine, upepo usije ukaichukua. Huyu bibi ndiye aliyeshona sare za nusu ya watu wa mtaa huu, na mpaka leo akiniona ananiambia kola yangu imekaa upande. Leo pia kaniambia.

Jumatatu, 25 Machi
Kazi imekuwa nyepesi! Tunamaliza saa mbili na nusu. Dereva, ambaye amestaafu mabasi lakini mabasi hayajamstaafu yeye, amesema njia yake sasa anaimaliza "kwa gia ya nne". Thelathini na mmoja, wote salama.

Alhamisi, 28 Machi
Nilipita kwa Bibi Fundi kumpelekea vifungo. Akasema, "Siku hizi hamji."

"Tunakuja kila siku, Bibi."

"Mnapita. Zamani Kinyozi alinikuta hapa dirishani nafunga kitambaa, tunataniana, ananiambia nimezeeka, namwambia saluni yake inanuka. Sasa nasikia mluzi tu."

Nikamwambia mvua zikiisha tutarudia utaratibu wa zamani. Akaniangalia juu ya miwani. Kisha akaitaja tena kola yangu.

Wote salama.

Alhamisi, 4 Aprili
Mvua imenyesha kutwa bila kupumua. Mtaro umefurika mpaka kwenye ngazi za duka la mkate. Nimejivunia watu wangu: wote wametoka, wote wamezunguka njia zao, wamerudi wamelowa chapachapa. Thelathini na mmoja, wote salama.

Ijumaa, 5 Aprili
Sikuwa wote salama. Yaani hawakuwa. Hata kuandika siwezi vizuri.

Saa moja asubuhi Muuza Mkate alimpelekea Bibi Fundi mkate wake wa Ijumaa. Aligonga, kimya. Akachungulia dirishani, juu ya nailoni ya rangi ya machungwa, akamwona sakafuni. Alikuwa ameanguka Jumatano jioni. Nyonga imevunjika. Kalala pale usiku wa Jumatano, Alhamisi nzima, na usiku wake. Alhamisi ambayo mimi nimeandika hapo juu, kwa mkono huu huu, wote salama.

Tulikuwa hospitalini kabla ya saa nne. Yuko hai. Nashukuru, nashukuru, nashukuru. Madaktari wanasema angechelewa tena nusu siku wangekuwa wanatuambia maneno mengine.

Saa nane binti yake akafika kutoka mji mwingine, na begi begani. Alisimama kwenye korido akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi si ndio mnaotazama? Mlitazama nini?"

Kinyozi alikuwa kushoto kwangu. Muuza Mkate alikuwa analia. Na mimi, mwenyekiti, niliyezoea kusimama mbele ya watoto mia sita, nikafungua mdomo nikasema, "Njia ile ni ya Kinyozi. Alipita Alhamisi na akaweka alama."

Kila neno ni kweli. Kinyozi akanigeukia. Alikuwa anasubiri nimalizie. Nilikuwa na nafasi ya kumalizia, na nafasi ile ilikuwa ndefu. Sikumalizia.

"Ni kweli," akamwambia yule binti. "Nilipita." Akainamisha kichwa.

Jumamosi, 6 Aprili
Kinyozi ameniletea mwavuli wa kikundi, koti la mvua, na daftari la njia yake, vimekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Nikamwambia aingie anywe chai. Akasema ana mteja. Sidhani kama alikuwa na mteja.

Jumanne, 9 Aprili
Nimefikiri sana. Utaratibu ulipitishwa na kikao, si mimi peke yangu. Makofi walipiga wote. Na yeye angeweza kubisha tu, mlango haumng'ati mtu. Kiongozi hawezi kubeba kila kitu.

Mvua.

Jumatano, 10 Aprili
Nimesoma niliyoandika jana. Nimeona haya mbele ya karatasi.

Njia ya Kinyozi naipita mimi sasa. Mama mmoja wa kona ile ameniuliza, "Yule aliyemwacha Bibi Fundi mmemfukuza?" Muuza Mkate anasema saluni imekaa kimya wiki nzima, watu wanakwenda kunyoa ng'ambo ya barabara kuu. Wanaopita mlangoni kwake wanaongeza mwendo.

Mdogo wangu alipiga simu. Nilimsimulia yote, na nikamsimulia kwa ujanja, lakini huyu tumelala kitanda kimoja utotoni.

"Dada, wazo la nailoni lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi mimi ndiye nakuuliza. Umemwambia nani?"

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimekwenda hospitali peke yangu. Bibi Fundi amelala chali, mguu umefungwa, uso umekuwa mdogo. Binti yake alikuwa ametoka kutafuta dawa. Nilikaa. Nilianza kusema habari za hali ya hewa, akanikatiza.

"Ngoja nikusimulie, maana wewe utaelewa. Mwanangu nikimwambia atalia."

Akasema alianguka akitoka kuzima jiko, akaangukia mahali ambapo dirisha lilikuwa mbele yake. Akasema kulipopambazuka hakuogopa, alijua ni Alhamisi, alijua saa mbili Kinyozi atapita. Kisha akaangalia juu akaiona ile nailoni inapepea.

"Nikajua inamwambia niko salama. Mimi niko chini, yenyewe iko pale juu inamdanganya mtoto wa watu."

Fimbo yake ilikuwa karibu. Akaishika, akainyoosha, akaanza kuipiga ile nailoni ili ianguke. Alijua ikianguka tu, Kinyozi atabisha. Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nailoni ilicheza, haikung'oka.

"Lile fundo," akasema. "Nani alifunga mafundo mawili?"

Nikaangalia vidole vyangu.

"Nikasikia mluzi wake. Nikaita. Lakini mvua ilikuwa inapiga bati, hata mimi mwenyewe sikujisikia. Mluzi ukaja, ukapita, ukaenda. Usimlaumu. Mimi ningekuwa nje, ningeona kitambaa, ningepita pia."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo ni tabia mbaya. Nikamwambia: mafundo ni yangu. Nailoni ni yangu. Kinyozi alinionya mbele ya watu nikamfanyia mzaha, na binti yako aliponiuliza nikamtupia yeye mzigo. Nisamehe.

Mkono wake ukaja polepole, nikadhani anataka kunishika mkono, kumbe ananyoosha kola yangu.

"Mimi nimelala tu," akasema. "Nina muda wa kukusamehe. Lakini kuna mtu amesimama saluni hana wa kumnyoa."

Jumamosi, 13 Aprili
Nilipiga moyo konde nikaenda saluni asubuhi. Nilitaka nimkute peke yake. Kwa bahati, nasema kwa bahati sasa, alikuwa na wateja wawili: mmoja kitini ana povu mpaka masikioni, mwingine anasubiri. Nikasema moyoni, Mama Kengele, ulimwaibisha mbele ya watu, utamwomba radhi mbele ya watu.

Nikasema yote, nimesimama hapo kwenye nywele za watu. Kwamba alinionya. Kwamba alifuata amri yangu. Kwamba kwenye korido ile nilijua ukweli nikaukalia. Yule mwenye povu aliacha hata kupumua.

Kinyozi hakusimamisha wembe. Alimaliza shavu la kulia, akaufuta.

"Nashukuru, Mama," akasema. "Umesema hapa. Lakini kule ulisema mbele ya binti yake."

"Nitamwambia."

"Na mimi si malaika. Siku ile mluzi wangu ulikuwa wa haraka, nilikuwa nimelowa, nataka chai. Nilikuwa na shaka na ile nailoni nikasema potelea mbali, ndivyo Mama alivyotaka. Hilo linanikosesha usingizi, si maneno yako tu."

Yule anayesubiri, mtu nisiyemjua kabisa, akanyanyuka akanipisha kiti chake.

Jumapili, 14 Aprili
Nimempigia binti wa Bibi Fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuguna. Kisha akasema, "Nimekusikia. Kukusamehe bado. Lakini nimekusikia." Kisha akaniomba namba ya Kinyozi.

Nilikata simu nikakaa pale pale. Amenitendea haki kuliko nilivyowatendea wao.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua. Familia mbili zimeondoa wazee wao kwenye orodha yetu. Siwezi kuwalaumu. Ishirini na wanane nyumbani, mmoja hospitalini. Siku hizi nabisha kila mlango wa njia yangu, nailoni iwepo isiwepo.

Jumamosi, 20 Aprili
Kikao kwa Muuza Mkate. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili. Nikaikunja, nikasema kwa kinywa.

Nikawaambia: Utaratibu wa nailoni ulikuwa wangu, nao ulikuwa mbovu, na nilionywa. Niliondoa kitu kimoja tu, ile shida ya mzee kuamka na kufunga na kuanua, nikidhani naondoa usumbufu, kumbe shida ile ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Mkono unaofunga ndio unaosema niko hai. Kisha mtu alipokaribia kufa kwa sababu yangu, nilijificha nyuma ya mwenzangu. Nawaomba radhi. Nikaweka ufunguo wa kabati la kikundi juu ya gunia la unga, nikasema chagueni mwingine.

Dereva akakohoa.

"Yaani," akasema, "umepasua tairi, halafu unataka kushuka utuachie gari katikati ya mvua?"

Watu wakacheka kwa uchungu. Muuza Mkate akasema yeye pia alipiga makofi siku ile, na tena alipiga kwa nguvu kwa sababu njia yake ina ngazi nyingi. Mwingine akasema naye. Ikawa kila mtu anavuta kipande chake cha kosa, kama watu wanaogombea kulipa.

Hapo mlango ukafunguliwa, Kinyozi akaingia amelowa, hana mwavuli, maana mwavuli ninao mimi. Alisimama akidondosha maji kwenye sakafu ya Muuza Mkate, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno.

"Binti wa Bibi Fundi alinipigia," akasema. "Tumeongea saa nzima." Kisha akauona ufunguo juu ya gunia. "Huo unafanya nini hapo?"

Dereva akamweleza.

"Hapana, Mama. Kuondoka ni rahisi, hata mimi nilikimbilia huko. Mimi narudi kwa masharti. Nailoni zote ukazikate wewe, kwa mkono wako, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ueleze kwa nini. Halafu njia yangu tuipite wote wawili mpaka mvua ziishe. Na siku nyingine mtu akinyoosha mkono hapa, usimwambie akanyoe."

Nikachukua ufunguo. Unga ulikuwa umeushika, nikaufuta kwenye sketi. Nikasema mbele yao: nitapita kila asubuhi mradi miguu inanibeba, na sitaweka tena alama kwa mtu ambaye sijasikia sauti yake. Kisha nikamrudishia Kinyozi mwavuli wake. Katika miaka yangu yote ya vikao sijawahi kutoka mahali nimeonywa hivyo na kujisikia mwepesi hivyo.

Jumanne, 23 Aprili
Siku tatu za mkasi. Nimekata nailoni zote, na nyumba zile mbili zilizojitoa nazo nimekwenda. Kila mlango nimeeleza, kila mlango nimeomba radhi. Wengine wamenikumbatia, mmoja amenifungia mlango usoni, ana haki yake. Yule mzee wa karibu na mtaro amenisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe kile kitu kilikuwa badala ya kitambaa? Mimi nilidhani mmeniwekea cha kufukuzia ndege."

Ya Bibi Fundi nimeikata mwisho. Mkasi uliyapata mafundo mawili kwa taabu. Nimeiweka ndani ya daftari hili, ukurasa wa tarehe 4 Aprili.

Alhamisi, 2 Mei
Mvua. Kinyozi anapiga mluzi, mimi nabeba mwavuli. Anapita haraka, mimi pumzi zinanikatika, ananisubiri akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Familia moja imerudi. Ishirini na tisa nyumbani, tumesikia sauti ishirini na tisa, moja ikiwa ya matusi.

Jumanne, 14 Mei
Bibi Fundi yuko nyumbani! Dereva alimleta kwa gari la kuazima, na alikuwa anatangaza kila kituo. Binti yake atakaa naye mwezi mzima. Aliponifungulia mlango hakutabasamu, lakini aliniambia, "Karibu ndani, Mama Kengele, chai iko mezani." Nimeinywa yote.

Jumamosi, 18 Mei
Bibi Fundi ametuita. Mguu uko juu ya stuli, mikono haina shida, cherehani ya mkono iko mezani. Ameshona vitambaa vipya kutoka kwenye vipande vya sare alivyobakiza miaka na miaka: bluu, kijani, kahawia. Kila kimoja kina tundu na kifungo kikubwa.

"Mafundo marufuku," akasema. "Kifungo hata mtu wa vidole vibovu anakiweza."

Nikavihesabu. Thelathini na viwili.

"Bibi, umezidisha kimoja. Hata wakirudi wote, ni thelathini na mmoja."

"Wewe unaishi na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu."

"Una miaka mingapi?"

Kinyozi akanijibia, tena akaniongezea miwili.

"Miaka sita unatazama madirisha ya watu," Bibi Fundi akasema. "La kwako nani analitazama?" Akanipa cha bluu. Rangi ya shule yangu. Nilikitazama nikakosa pa kuweka uso.

Jumatatu, 27 Mei
Familia ya pili imerudi juzi, orodha imetimia. Mafua yamenishika. Jana nililala mapema na dawa, leo nimepitiwa.

Nimeamshwa na mlango unagongwa kama nyumba inaungua. "Mama Kengele! Mama! Kitambaa kiko wapi?" Sauti ya Kinyozi, na nyuma yake Dereva anasema tuvunje, tuvunje. Nimefungua nimejifunga shuka, nywele zimesimama, pua inachuruzika. Kinyozi alikuwa amekunja ngumi mlangoni, na uso wake ulikuwa umesawijika. Aliponiona akaegemea ukuta.

"Saa tatu kasoro dakika tano," akasema. "Usitufanyie hivi."

"Samahani," nikasema. Nimekuwa hodari wa neno hili msimu huu.

Akasimama pale pale mpaka nilipokwenda dirishani na kutia kifungo kwenye tundu. Ndipo alipotoa kalamu akaweka alama, na kusoma kwa sauti, ili nisikie: "Thelathini na wawili. Wote salama." Mluzi ukaanza tena ngazini.

Jua limetoka kutwa nzima. Jioni nimekianua. Kilikuwa kikavu.